Dawa za bibi: zipi ziliponya kweli, zipi zilingoja tu ugonjwa uondoke

Mpaka leo harufu ya mafuta ya nyonyo ikinipitia puani tumbo linajikunja lenyewe. Bibi alikuwa na kijiko cha bati alichokitenga kwa kazi hiyo moja tu, anakijaza mafuta hadi ukingoni, anapitisha kidole gumba juu taratibu ili ile ziada irudi kwenye chupa, halafu ananibana pua kwa mkono wa kushoto na kuniambia meza baba, meza mara moja usiyasikilizie. Hayamezeki mara moja yale, ni mazito, yanashuka kooni polepole na ladha yake unakaa nayo mdomoni mpaka jioni.

Nimeanza na hilo kwa sababu siku hizi mazungumzo ya dawa za zamani yamerudi kwa nguvu. Mtu anatoa picha ya chupa ya kale ya dawa ya kikohozi, au kile kimiminika chekundu cha vidonda, wenzake wanakumbuka utoto, wanafurahi, na dakika kumi baadaye ni ubishi, hawa wanasema zile ndo zilikuwa dawa na hizi za sasa ni biashara tupu, wale wanasema yote yale yalikuwa ujinga na bahati nasibu. Katikati yao kuna mama ana mtoto anakohoa nyumbani, anasikiliza pande zote mbili na hajui ashike lipi. Huyo ndo ninayemwandikia.

Tuelewane maneno kwanza, maana mvurugano mwingi unaanzia hapo, tunatia vitu tofauti kwenye kapu moja. Dawa ya nyumbani ni kitu ambacho tayari kipo jikoni, chumvi, asali, tangawizi, maji ya moto. Mitishamba ni sehemu ya mmea, iwe jani, gome au mzizi, unaotumika kwa ugonjwa fulani. Halafu kuna dawa za dukani za zamani, zilizotengenezwa kiwandani au na mfamasia na kuuzwa kihalali kabisa miaka hiyo, kama mafuta ya nyonyo yenyewe, mafuta ya ini la samaki, aidini, dawa ya zambarau ya kupaka mdomoni. Hizi za tatu watu wengi wanazikumbuka kama "dawa za asili" wakati zilitoka kiwandani, na baadhi yake, tutafika huko, zilikuwa na zebaki ndani, ile metali yenye sumu.

Maneno mengine mawili utayaona mara nyingi humu. Kiini cha dawa ni ile kemikali moja au mbili ndani ya jani au mafuta ambayo ndiyo inayofanya kazi, mengine yote ni mzigo unaoibeba. Na dozi ni kiasi gani cha hicho kiini kinaingia mwilini, mara ngapi, kwa siku ngapi. Ukinishika kwenye hayo mawili tu, kiini na dozi, sehemu kubwa ya ubishi inakwisha.

Tuanze na rahisi kabisa, mafua. Mafua ya kawaida huisha ndani ya siku saba hadi kumi hata usipofanya lolote. Kikohozi kinachobaki baada ya mafua huchukua kama wiki mbili na nusu hivi, na watu wengi hawalijui hilo, wanadhani kikipita wiki moja kuna tatizo. Sasa fikiria mtu anatafuta dawa lini? Hatafuti siku ya kwanza akiwa anapiga chafya mbili tatu, anatafuta siku ya tatu, ya nne, hali ikiwa mbaya kuliko zote, kichwa kinauma, pua zimeziba, usiku halali. Na siku ya tatu hivi ya mafua ndiyo kilele chenyewe, kuanzia hapo unashuka. Kwa hiyo chochote utakachokunywa siku hiyo, iwe maji ya tangawizi, kitunguu saumu, au glasi ya maji matupu, kesho yake utajisikia afadhali na utakisifu hicho ulichokunywa. Jogoo asipowika kutakucha tu, ila ukimsikia anawika kila alfajiri ni rahisi sana kuamini yeye ndo anayeleta jua.

Simaanishi kwamba ile tangawizi ya moto haikusaidia kitu. Kinywaji cha moto kinatuliza koo, kinakupa maji, na mtu aliyekaa kitandani kwako akikushika paji la uso anapunguza maumivu kwa namna ambayo hata wataalamu wanaipima, wanaiita plasebo, yaani ile nafuu inayoletwa na kutunzwa na kuamini kwamba umepewa dawa. Nafuu hiyo ni ya kweli kwenye maumivu, kichefuchefu, usingizi. Ila haiui kidudu cha malaria wala haishushi uvimbe kwenye ubongo, na hapo ndipo watu wanapopotea.

Basi unatofautishaje dawa iliyoponya na dawa iliyongoja? Unalinganisha. Mfano ninaoupenda ni wa daktari wa meli wa Uingereza, James Lind, mwaka 1747. Mabaharia walikuwa wanakufa kwa kiseyeye, fizi zinaoza, meno yanatikisika, vidonda vya zamani vinafunguka upya. Kila mtu alikuwa na dawa yake. Lind akachukua wagonjwa 12 wenye hali zinazofanana, akawalisha chakula kimoja, akawagawa wawili wawili, kila jozi ikapewa dawa moja kati ya zile zilizosifiwa: wengine siki, wengine maji ya bahari, wengine maji yenye asidi, wengine kinywaji cha tufaha, wengine mchanganyiko wenye kitunguu saumu, na jozi moja machungwa na limau. Matunda yaliisha siku ya sita, lakini kufikia hapo mmoja wa wale wawili alikuwa ameshakuwa fiti kurudi kazini na mwenzake amepata nguvu za kutosha kuwauguza wengine. Hakujua vitamini C, ile inayokosekana kwa mwenye kiseyeye, ni nini, jina lenyewe halikuwepo. Alichokuwa nacho ni watu kumi wengine wa kulinganisha nao. Na hata hivyo jeshi la wanamaji lilichukua miaka mingi mno, hadi 1795, ndo likaagiza mabaharia wapewe maji ya limau, na katikati hapo watu waliendelea kufa na dawa ilikuwa inajulikana.

Kwa hiyo ukisikia "mimi nilikunywa nikapona", usimwite mwongo, kweli alikunywa na kweli alipona. Swali ni asiyekunywa alikuwaje.

Hapohapo ndo linaingia lile neno tunaloambiwa kila siku, mbona sisi tulikua kwa dawa hizohizo na tuko wazima. Hili linanigusa sana na nataka nilijibu kwa heshima. Wanaosema hivyo ni waliobaki. Wale ambao dawa haikuwasaidia hawapo kwenye mazungumzo. Ukiwauliza wazee vizuri, sio juujuu, ukakaa nao, ukauliza mlizaliwa wangapi, utasikia tulizaliwa tisa tukabaki watano, na anasema kwa sauti ya kawaida kwa sababu ndivyo ilivyokuwa kwa kila nyumba. Duniani kote mwaka 1990 watoto 93 kati ya kila 1,000 waliozaliwa walifariki kabla ya kutimiza miaka mitano, mwaka 2022 walikuwa 37. Ukirudi nyuma miaka mia mbili ilikuwa zaidi ya watoto wanne kati ya kumi. Bibi zetu hawakuwa wajinga hata kidogo, walipigana na hayo yote kwa kijiko kimoja cha bati na kile walichokuwa nacho.

Na baadhi ya walichokuwa nacho kilikuwa dawa hasa.

Mafuta ya ini la samaki, kwa mfano. Watoto waliyachukia kuliko kitu chochote, lakini yalikuwa yamejaa vitamini D na A, na kwenye nchi zenye baridi na jua kidogo yaliwaokoa watoto wengi na matege, ule ugonjwa wa mifupa laini inayopinda miguu. Walikuwa wanayatumia muda mrefu kabla sayansi haijajua kwa nini, ufafanuzi ulianza kupatikana miaka ya 1919 na 1920. Mafuta ya karafuu kwenye jino linalouma, nayo ni kweli, yana kiini kinaitwa yujenoli kinachotia ganzi, na madaktari wa meno wanakitumia mpaka leo kwenye vijazio vya muda, ingawa hayatibu jino lililooza, yanakupa tu muda wa kufika kwa daktari. Asali kwenye kikohozi cha mtoto mkubwa, kweli pia, imelinganishwa na sirapu za dukani na ikaonekana haiko nyuma, na tangu 2018 miongozo ya afya ya Uingereza inaitaja kama kitu cha kuanza nacho kwa kikohozi cha kawaida. Nasema mtoto mkubwa kwa makusudi, nitarudi hapo.

Mafuta ya nyonyo na yenyewe yanafanya kazi, wala hakuna asiyejua kwamba yanafanya kazi. Yakifika kwenye utumbo yanavunjwa na kutoa asidi inayougusa ukuta wa utumbo na kuulazimisha ubane, unaharisha. Kama ulikuwa umefunga choo, umepata dawa. Kilichokuwa si kweli ni ile sababu tuliyopewa, kwamba yanasafisha sumu mwilini, na ndiyo maana tulinyweshwa hata wakati hatuna tatizo lolote. Sumu za mwilini zinatolewa na ini na figo, saa zote, na hazikai kwenye utumbo zikingoja kufagiliwa. Ukiharisha kwa nguvu unachopoteza ni maji na chumvi. Leo "kusafisha mwili" kunauzwa kwa majina mapya, chai ya hiki, juisi ya kile, ni wazo lilelile la kile kijiko. Na mama mjamzito asiyaguse bila kuelekezwa na mkunga au daktari, kwa sababu ule utumbo unaobana unaweza kuufanya na mfuko wa uzazi nao ubane.

Sasa tuingie kwenye mitishamba, hapa ndo pagumu na hapa ndo pazuri.

Mwaka 1775 daktari mmoja wa Kiingereza, William Withering, aliulizwa maoni yake kuhusu dawa ya siri ya familia ya bibi mmoja mzee wa Shropshire, huko Uingereza. Bibi yule alikuwa anawaponya watu waliovimba mwili kwa kujaa maji, watu ambao madaktari walishawakatia tamaa. Dawa yake ilikuwa na mimea kama ishirini hivi. Withering hakumdharau, aliichambua, akagundua kwamba kati ya yote hiyo ishirini wenye kazi ni mmoja tu, mmea wenye maua ya zambarau yenye umbo la kengele, dijitalisi. Halafu alitumia miaka kumi akijifunza kitu kimoja kwa wagonjwa wake: kiasi gani. Kwa sababu dijitalisi kwa kiasi kidogo inaupa nguvu moyo uliochoka, ukizidisha kidogo tu mtu anatapika, anaona vitu vyote rangi ya manjano, na moyo unasimama. Alichapisha matokeo mwaka 1785 na mpaka leo kiini kutoka kwenye jamii hiyo ya mimea kinatumika hospitali, kwenye kidonge kidogo sana kilichopimwa kwa sehemu za miligramu.

Kwenye hadithi hiyo yupo bibi na yupo daktari, na wote wawili walikuwa na haki. Bibi alikuwa na dawa kweli. Ila jani la mmea halina lebo. Jani lililochumwa msimu huu halina kiini sawa na la msimu ujao, mmea wa kwenye kivuli haulingani na wa kwenye jua, lililokauka si sawa na bichi. Ni kama mtu akwambie tia pilipili kwenye mchuzi, pilipili moja, hajakwambia ni ya aina gani. Kwenye mchuzi ukikosea unakunywa maji, kwenye moyo hakuna wa kukupa maji.

Ndiyo maana ile kauli ya "haina kemikali, ni ya asili" inanisumbua. Kiini cha mti ni kemikali. Mbegu ya nyonyo ileile inayotoa mafuta aliyotunywesha bibi ina risini, moja ya sumu kali zaidi zinazojulikana, inabaki kwenye makapi mafuta yanapokamuliwa na kuchakatwa vizuri. Mmea mmoja, chupa moja inakuharisha tu, mbegu kadhaa zikitafunwa zinaweza kuua.

Mfano mwingine wa karibu zaidi ni malaria. Kwinini ilitokana na gome la mti wa Amerika ya Kusini, watu walisaga gome wakanywa unga wake kwa muda mrefu bila kujua kila mkupuo una kiasi gani, mpaka 1820 Wafaransa wawili, Pelletier na Caventou, walipokitenga kiini chenyewe na ikawezekana kupima. Na dawa za malaria tunazozijua sasa, zile za mseto, zina kiini kinachotoka kwenye mmea wa artemisia ambao Wachina waliutumia kwa homa tangu karne nyingi. Tu Youyou, mwanasayansi wa Kichina, alihangaika nao, akiuchemsha dawa haionekani, leo inafanya kazi kesho haifanyi. Akarudi kwenye kitabu cha tiba cha karne ya 4 akasoma kwamba mwandishi aliloweka majani kwenye maji na kuyakamua, hakusema kuchemsha. Ndo akashtuka kwamba moto ndo unaoharibu. Akajaribu kukitoa kiini kwa etha, kimiminika kinachochemka kwa joto dogo, bila moto mkali, kikapatikana, ilikuwa miaka ya 1971 na 1972, na mwaka 2015 akapewa Tuzo ya Nobel.

Watu wengi hadithi hii wanaikatisha hapo wanasema basi tunywe chai ya artemisia. Mimi naielewa kinyume chake. Kama mmea ulikuwa unatosha kwa kuchemsha, yule mama asingehitaji kuhangaika vile. Kiini hicho hakiyeyuki vizuri kwenye maji, kikombe kimoja kina kidogo kingine kina zaidi, na dozi ndogo ni mbaya kuliko kukosa kabisa kwa namna fulani, kwa sababu inaua vidudu dhaifu inaacha vile sugu, navyo vinazaana. Homa inashuka siku mbili unaamini umepona, vidudu vimebaki. Shirika la Afya Duniani haliungi mkono kutumia chai au unga wa mmea huo kutibu au kukinga malaria, na sio kwa sababu wanaudharau mmea, dawa yao wenyewe wameitoa humohumo.

Aspirini na yenyewe asili yake ni gome la mti, unaitwa mwerebi (kwa Kiingereza willow), kiini chake kiliboreshwa maabara mwaka 1897 kwa sababu kile cha mwanzo kilikuwa kinaunguza sana tumbo. Na hata hii iliyoboreshwa haipewi mtoto mwenye mafua au tetekuwanga, inaweza kuleta ugonjwa nadra wa Reye unaoharibu ini na ubongo. Kuna watu bado wanavunja nusu kidonge cha aspirini wanampa mtoto mwenye homa kwa sababu ndivyo walivyopewa wao. Tafadhali acheni hiyo.

Nimefika kwa watoto, na hapa naomba usome polepole.

Mtoto si mtu mzima aliyepunguzwa ukubwa. Ini lake bado halijakomaa, ngozi yake ni nyembamba na inanyonya vitu, na ana maji kidogo ya kupoteza. Dawa nyingi za zamani zilizoleta msiba zilikuwa za watoto wachanga, zikitolewa na watu waliowapenda kuliko chochote. Karne ya 19 kulikuwa na sirapu za kutuliza mtoto anayelia zenye mofini au kasumba, dawa kali za kulevya, mtoto ananyamaza kweli, wengine hawakuamka. Heroini yenyewe kampuni ya Bayer iliiuza kuanzia 1898 kama dawa ya kikohozi. Na kulikuwa na unga wa meno, wa kumpa mtoto anayeota meno, uliokuwa na zebaki. Watoto wakawa wanavimba mikono na miguu inageuka ya waridi, ngozi inabanduka, hawataki mwanga, wanalia usiku na mchana. Kwa miongo kadhaa hakuna aliyejua chanzo, kwa sababu si kila mtoto aliyepewa aliugua, wengi walipewa wakawa sawa tu, na mama zao wakawa mashahidi wazuri wa dawa ile. Miaka ya 1950 unga ule ukaondolewa Uingereza na Australia, na ugonjwa ukatoweka pamoja nao. Ile dawa nyekundu ya vidonda tuliyopakwa magotini, ile watu wanayoikumbuka kwa mapenzi, nayo ilitengenezwa kwa zebaki, na Marekani mwaka 1998 waliiondoa kwenye orodha ya dawa zinazotambulika kuwa salama.

Asali basi, niliahidi. Asali inaweza kubeba mbegu za bakteria fulani ambazo utumbo wa mtu mzima unazishinda bila hata kujua. Utumbo wa mtoto chini ya mwaka mmoja hauwezi, zinaota humo zinatoa sumu inayolegeza misuli, mtoto anashindwa kunyonya, shingo inalegea, mwisho pumzi. Kuipasha moto nyumbani hakuziui. Kwa hiyo kabla ya miezi 12, hata tone la kulambishwa hapana.

Kafuri pia. Ikimezwa inaleta degedege kwa mtoto, kidogo tu kinatosha, na hata ya kupaka isipakwe puani wala kwa watoto wadogo chini ya miaka miwili. Zile dawa za kuchua zenye mentoli ukipaka unahisi pua imefunguka, eti? Imepimwa, hewa inayopita ni ileile, mentoli inagusa neva zinazohisi ubaridi na ubongo unasoma kwamba hewa inaingia. Nafuu unaipata, lakini hakuna kilichozibuka. Kujifukiza ni hivyohivyo, hakuna ushahidi mzuri kwamba kunafupisha mafua, na wodi za walioungua zinapokea watoto waliomwagikiwa na sufuria la kujifukizia chini ya blanketi.

Kuungua kunanirudisha kwenye kumbukumbu nyingine ambayo sio nzuri. Mdogo wangu wa kike alimwagikiwa na chai mkononi akiwa na miaka mitatu. Tukafanya tulichokijua, tukapaka dawa ya meno, nyeupe, nene, mkono mzima mpaka kiwiko, na kwa kuwa ina mentoli ilimpa ubaridi akanyamaza, sisi tukaona tumefaulu. Ikakauka. Kituo cha afya muuguzi ilibidi aitoe, kwa maji na pamba, sehemu kwa sehemu, na kila alipoivuta ilikuja na ngozi ya malengelenge. Nilikuwa nimemshika mabega. Sijasahau kile kilio, na kwa kweli ndicho kilichonifanya nianze kusoma haya mambo. Siagi, mafuta, yai, dawa ya meno, vyote vinafunga joto ndani na kuficha kidonda. Ni maji ya kawaida ya baridi yanayotiririka, dakika 20, sio barafu, na yanasaidia hata kama saa mbili zimepita. Kisha funika kwa kitu kisafi kisichoganda, nenda hospitali kama ni mtoto, kama ni usoni, mikononi, sehemu za siri, au ni kubwa kuliko kiganja cha aliyeungua.

Na kuwasha kwa aidini au spiriti kwenye kidonda sio alama ya kwamba dawa inafanya kazi, ingawa tuliambiwa hivyo tukivumilia. Inawasha kwa sababu inaumiza na nyama nzima iliyokuwa inajaribu kupona. Kidonda kidogo kioshe kwa maji safi mengi na sabuni pembeni yake, inatosha.

Kumtapisha mtu aliyekunywa sumu nako kulikuwa dawa ya kila nyumba, kuna hata sirapu maalumu ilikuwa inashauriwa iwekwe kabatini, na mwaka 2003 madaktari wa watoto wa Marekani wakasema iondolewe. Mtoto aliyekunywa mafuta ya taa ukimtapisha yanaingia kwenye mapafu, na hapo ndo yanapoua. Usimtapishe, usimnyweshe maziwa ukidhani yatavunja sumu, beba chupa aliyoinywa na mkimbie naye.

Nimebakiza moja, na kwangu ndiyo kubwa kuliko zote, kwa sababu ni dawa ya jikoni kabisa na ilichelewa kuaminiwa kwa sababu ilionekana rahisi mno. Mtoto akiharisha zamani kulikuwa na imani kwamba asipewe maji, tumbo lipumzike. Ni kumkausha. Lakini ukimpa maji matupu mengi nayo hayakai. Miaka ya 1960 ndo ikaeleweka kwamba ukuta wa utumbo una mlango unaofunguka pale tu sukari na chumvi zikifika pamoja, zikipita zinavuta maji nyuma yake, na mlango huo unabaki unafanya kazi hata kwenye kipindupindu. Mwaka 1971, wakati wa vita vya Bangladesh, kipindupindu kiliingia kwenye kambi ya wakimbizi Bongaon huko India, dripu zikaisha, na daktari Dilip Mahalanabis akaamua kuwapa watu mchanganyiko wa sukari na chumvi wanywe, ndugu wa wagonjwa wakiwanywesha wenyewe kwa vikombe. Vifo vikashuka kutoka karibu asilimia 30 hadi chini ya asilimia 4.

Kama kuna pakiti za chumvi za kuongeza maji mwilini tumia hizo, zimeshapimwa na zina na potasiamu, na uliza vidonge vya zinki vya kumpa mtoto siku 10 hadi 14. Zikikosekana, lita moja ya maji safi, vijiko sita vidogo vya sukari, nusu kijiko kidogo cha chumvi. Sio zaidi. Sukari ikizidi inavuta maji kutoka mwilini na kuharisha kunaongezeka, chumvi ikizidi inaweza kuumiza ubongo wa mtoto. Onja, isizidi chumvi ya machozi. Mpe kidogokidogo, kijiko kila dakika moja au mbili, akitapika subiri dakika 10 uanze tena taratibu, na aendelee kunyonya na kula. Macho yakizama, akilia bila machozi, akilegea, asipokojoa, au ukiona damu kwenye choo, usingoje, mpeleke hospitali huku unaendelea kumnywesha njiani. Na unapopima, kijiko kiwe sawa na ukingo, kisiwe na mlima juu, jaza halafu pitisha kidole gumba taratibu, ile ziada irudi.